Taa za Kabati la Mwaitu

Mama yangu alienda kanisani Zombe akiwa amevaa nguo ndani nje, akasimama mbele ya watu akasoma Maandiko, akarudi kuketi, na hakuna aliyemwambia kitu. Mimi nilipata habari nikiwa dukani kwangu Nunguni, ninakoshona nguo, kutoka kwa mwanamke mmoja wa kanisa lake ambaye hakuwa amenipigia simu tangu tulipomzika baba.

"Nimeona nikuambie wewe kwa sababu wewe ni fundi," alisema. "Mishono yote ilikuwa nje. Mpaka lebo tulisoma."

"Na hamkumwambia?"

"Sasa Mwalimu anaambiwa?"

Alicheka, na nyuma yake nikasikia wengine wakicheka. Simu ilikuwa imewekwa spika.

Sisi watoto wake tunamwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyowaita mama zao. Kwa watu wa Zombe yeye ni Mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, akawafundisha wengi wao na kuwachapa, kisha akafundisha watoto wao na kuwachapa pia. Watu wa namna hiyo hawaambiwi kwamba nguo imegeuka. Wanaachwa wasome Maandiko mpaka mwisho.

Nilimpigia. Nilimuuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ile nguo ya Jumapili ilikuwaje.

"Hiyo ni fasheni," akasema. "Ndugu yako aliniletea kutoka Nairobi. Nyinyi wa kushona yunifomu mtajulia wapi?"

Tuko wawili tu, mimi na ndugu yangu mdogo, ambaye anafanya kazi Nairobi katika ofisi yenye lifti. Lifti hiyo Mwaitu ameitaja kwa watu wengi kuliko alivyowahi kunitaja mimi.

Nilijua si fasheni. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimwona amevaa sketi ya bluu nzito na koti jeusi, akaniambia ni suti. Nilimwona akimimina chai kando ya kikombe kisha akailaumu meza. Chumbani kwake kuna balbu moja tu, katikati ya dari, kwa hiyo akifungua kabati la nguo anakuwa ameipa balbu mgongo, na kivuli chake mwenyewe kinafunika nguo zote. Fundi yeyote atakuambia kwamba bluu nzito na nyeusi ni kitu kimoja mpaka upate mwanga. Mimi huzipeleka mlangoni kwanza ndipo nichague uzi. Nikajiambia, labda ni mwanga tu.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka mapazia kwa mteja mmoja Matiliku. Tulipokuwa chumbani kuyapima, alifungua kabati lake na taa zikawaka zenyewe ndani, zimezunguka kingo zote, nguo zikaonekana kama ziko dukani mjini. Alifurahi sana nilivyoshtuka. Alitoa simu akabonyeza, mwanga ukawa wa manjano, kisha mweupe, kisha wa zambarau. Akanieleza kwamba ni utepe tu wenye taa ndogo ndogo na gundi mgongoni, unaukata kwa makasi mahali palipochorwa, unaubandika, unachomeka kwa soketi. Kuna kidude kidogo cha kuweka mlangoni kinachojua mlango umefunguliwa. Mengine yote unayaamuru kwa simu.

Utepe wa kukata kwa makasi na kubandika kwa kufuata kona! Hiyo ni kazi yangu ya kila siku. Nilinunua seti kama ile, nikajaribu kwanza kwenye rafu ya vitambaa dukani mpaka nikaielewa, kisha Jumamosi moja nikafunga duka nikaenda Zombe.

Unatoka Nunguni umevaa sweta kwa sababu ya ukungu, na ukifika Zombe unaibeba mkononi, umelowa jasho. Mwaitu alikuwa ameketi kwenye veranda. Alinitazama kwa muda mrefu nikija, na sikujua kama ananitambua au ananipima.

"Umenenepa," akasema.

Nilimsalimia, nikamweleza nilichobeba. Nilisema ni taa za kisasa za kabati, kwamba siku hizi nyumba nzuri zote zinazo. Sikutaja macho.

"Nani atazifunga?"

"Mimi."

"Wewe na stima? Utaniunguzia nyumba ambayo baba yako alijenga." Lakini aliinuka akanifuata chumbani, kwa sababu tangu zamani hakuna anayeshika kitu cha Mwaitu akiwa hayupo.

Lile kabati ni la mbao za mukau, lina milango mitatu na limefika karibu na dari. Nilitoa nguo zote nikaziweka kitandani. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akaniamuru. Usichanganye za kanisa na za nyumbani. Usikunje hiyo, hiyo ni ya ndugu yako. Hata hiyo ni ya ndugu yako. Shika kwa hanga, mikono yako ina jasho. Nguo alizoletewa na ndugu yangu zilikuwa mbele kabisa, ndani ya nailoni. Nilizitafuta nilizomshonea mimi kwa miaka yote, na sikuziona. Nilidhani ziko ndani ya sanduku.

Nilipanda stuli. Nilikuwa nimebeba spiriti ya kusafishia mbao ili gundi ishike, ila nilikuwa nimesahau kitambaa.

"Mwaitu, nisaidie na kitambaa chochote cha kufutia."

Aliinama akavuta droo ya chini, akapapasa, akanirushia kipande. Nilikidaka, nikamwagia spiriti, nikaanza kufuta. Kilikuwa rangi ya maziwa, na maua madogo ya zambarau. Nilipokigeuza nikaona kifungo.

Kipande hicho kilikuwa mkono wa gauni. Gauni hilo nilimshonea alipostaafu. Vifungo vyake nilivifunika kwa kitambaa hicho hicho, kimoja kimoja, kwa sindano ya mkono, kwa sababu wakati huo sikuwa na mashine ya kufanyia hivyo. Siku ya sherehe alivaa nguo nyingine, akaniambia mbele ya wageni kwamba ile yangu ameiwekea siku kubwa zaidi.

"Mwaitu, hii si ile nguo ya kustaafu?"

"Ni hiyo."

"Uliikata?"

"Pamba yake inafuta vizuri. Hizi za ndugu yako hazifyonzi maji."

Alisema hivyo bila hasira yoyote, kama mtu anayesifu sufuria. Niliegemeza paji la uso kwenye mbao. Kulikuwa na harufu ya spiriti na ya dawa ya nondo.

"Sasa unafuta ama unalia? Kama unalia shuka kwanza, utaniangukia kabati."

Nilifuta. Kilifuta vizuri kweli.

Nikiwa pale juu nilikumbuka gwaride. Nilisoma katika shule yake, na kila muhula ulipoisha Mwaitu alisimama mbele ya gwaride la asubuhi akasoma matokeo ya kila darasa, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Watoto wengine walikuwa na bahati kwamba mzazi wao hayupo kusikia. Mwaka ule wa mtihani wa mwisho alisoma majina yote ya darasa letu isipokuwa langu. Alifika chini kabisa ya karatasi, akaikunja, akasema, "Na mwingine mmoja." Shule nzima ilinigeukia. Nyumbani hakunichapa. Alinipakulia chakula akaniambia nile, kwamba kuanzia kesho tutatafuta fundi wa kunifundisha kushona, maana hata kichwa kibovu kina mikono.

Alifikiri ananihukumu. Kumbe mikono hiyo ndiyo inayonilisha, na naipenda kazi yangu. Lakini mpaka leo sijawahi kumsikia akisema binti yake ni fundi. Husema, "Yule yuko Nunguni," kana kwamba Nunguni ni ugonjwa.

Nilipima kingo za kabati kwa tepu yangu ya shingoni, nikakata utepe, nikaubandika kutoka chini kwenda juu na kurudi chini, nikiubonyeza kwa kidole gumba kwenye kona kama ninavyobonyeza pindo kabla ya kulipiga pasi. Nilipitisha waya kwenye tundu nililotoboa nyuma, nikaufikisha kwenye soketi. Kile kidude cha mlango nilikibandika juu, mahali ambapo hatakigusa. Kisha nikarudisha nguo zote kwa mpangilio aliotaka, nikafunga milango.

"Njoo ufungue wewe mwenyewe, Mwaitu."

Alisimama, akashika mpini, akavuta. Taa ziliwaka nyeupe, kali, kama mchana wa Zombe umeingia ndani ya sanduku. Aliruka nyuma hatua moja, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, furaha ya mtoto. Alinyoosha mkono akagusa nguo moja, akaitaja rangi yake. Kijani. Akagusa nyingine. Zambarau. Akacheka kidogo. Nadhani kwa muda mrefu hakuwa ameziona rangi hizo.

Kisha akavuta koti moja la kijivu karibu na uso wake.

"Hii ni nini?"

"Ni uji," nikasema.

"Uji gani?"

"Uji uliomwagika, ukakauka."

Alilitazama lote kifuani. Lilikuwa na mchirizi kutoka kola mpaka kiunoni. Akalirudisha, akavuta jingine. Kwenye mkono kulikuwa na mchuzi. Gauni la bluu lilikuwa na doa la mafuta kubwa kama kiganja, tena si jipya, lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi juu yake mara nyingi. Nilikuwa nimeyaona yote wakati nazitoa. Nilikuwa nimenyamaza.

"Nimekuwa nikivaa hivi?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Alishika ubao wa kabati. "Punguza hiyo taa."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Kuna mstari unaousogeza kwa kidole, mwanga unapanda au unashuka. Kidole changu kilikuwa juu ya mstari huo huo.

"Ngoja kidogo ndiyo uone vizuri," nikasema.

"Nimesema punguza."

"Angalia na hii. Hapa kwapani. Na hii nyeusi uliyovaa Pasaka, angalia pindo, umelikanyaga mpaka likafumuka. Na hii, hii ndiyo ile uliyovaa ndani nje. Ona lebo. Iko upande huu."

Nilizitoa moja moja, nikamshikia mbele ya mwanga, nikamtajia kila doa kwa sauti ya kawaida, ile ninayotumia kumweleza mteja kilichoharibika. Alisimama akasikiliza zote. Hakuniambia tena nipunguze. Nilipomaliza ndipo nikasogeza kidole, mwanga ukashuka ukawa wa manjano laini, na madoa yakapotea. Sijawahi kujutia dakika zile, na sitasema nilijuta ili nionekane mtu mwema.

Alasiri hiyo ushirika wa akina mama ulikuwa unakutana kwake. Mwaitu alinawa uso, akafungua kabati, akachagua mwenyewe. Blauzi ya bluu nzito na sketi ya bluu nzito, zote safi. Nilimwona akizisogeza kwenye taa mara mbili kabla ya kuvaa. Alipotoka sebuleni alikuwa ameinua shingo, yule mwalimu mkuu wa zamani, na wanawake waliinuka kumsalimia kabla hawajakumbuka kwamba siku hizi humcheka.

Walisali, wakaimba. Mimi nilikuwa jikoni napika chai. Walipomaliza nikasikia Mwaitu akiwaambia wamfuate chumbani kuna kitu awaonyeshe. Nilifika mlangoni na trei wakati anavuta mpini.

Walipiga kelele za kushangaa. Mmoja alifunika mdomo.

"Kijana wangu ndiye amenitumia," Mwaitu akasema. "Hizi ziko Nairobi tu."

"Na nani amezifunga?"

Mwaitu alinipungia mkono bila kugeuka. "Yule ameshikilia stuli."

Nilikuwa nimebeba trei, kwa hiyo mikono yangu haikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Nikamtazama. Alijua niko pale. Mwanamke mmoja akasema apigiwe simu huyo kijana wamshukuru, na Mwaitu akajibu haraka kwamba yuko mkutanoni. Jumamosi alasiri.

Ndipo yule aliyenipigia simu Nunguni, mwanamke mnene mwenye sauti tamu, akasogea kwenye kabati akapitisha vidole juu ya nguo.

"Afadhali sasa, Mwalimu," akasema. "Hutatuvalia tena ile fasheni ya Nairobi."

Walijaribu kujizuia. Mmoja akashindwa, akacheka kwa pua, na wote wakafuata. Kilikuwa kicheko cha watu waliokibeba kwa wiki nyingi. Mwaitu aligeuza kichwa huku na huku kutafuta ni nani anacheka, na nikatambua kwamba haoni nyuso zao. Aliona watu sita au saba wa kivuli wakitikisika. Alipapasa mpaka akapata mlango wa kabati, akaufunga, na taa zikazimika.

"Kunyweni chai," akasema.

Walikunywa haraka wakaondoka. Alibaki ameketi kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Uliwaambia."

"Mimi ndiye niliyeambiwa na wao, Mwaitu."

"Umeleta taa ili wanicheke ndani ya nyumba yangu."

"Walianza kukucheka kabla ya taa."

Aliitikia kwa kichwa, kama anayekubali hesabu ya mwanafunzi. Kisha akaniambia niende, nisingoje giza. Nilivaa viatu nikaenda.

Hatukusemezana kwa miezi mingi. Nilimpigia, hakushika. Halafu siku moja, nikiwa napima mteja, simu ikalia.

"Taa zako zimekufa," alisema. "Zilianza kufifia, sasa zimekufa. Nilijua hazitamaliza mwaka."

Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta amevaa vizuri, lakini vifungo vilikuwa vimerukana. Nilipita moja kwa moja chumbani nikafungua kabati. Mwanga mweupe ulinipiga usoni. Nilitazama utepe wote, kona zote. Hakuna hata taa moja iliyokuwa imekufa.

Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umeona? Hazifanyi kazi. Zitengeneze."

Nilichukua simu nikapandisha mwanga mpaka mwisho wa mstari. Chumba kizima kiliwaka. Nilimgeukia. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea kabatini, na mwanga wote ulikuwa ndani yake.

"Umewasha?" akauliza.

Ningeweza kusema waya umekatika. Ningeweza kusema nitaleta nyingine. Nilifikiria yote mawili.

"Zinawaka, Mwaitu."

"Wapi?"

"Hapa mbele yako. Zimewaka zote."

Alinyoosha mkono mpaka vidole vikagusa utepe wenyewe. Akavitembeza juu, akavitembeza chini. Zile taa ndogo hupata joto kidogo zikikaa zimewaka, na nadhani alilihisi joto hilo, maana aliuondoa mkono kama aliyeungua.

"Basi ni taa duni," akasema.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho Kitui. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba imekula mshipa polepole kwa miaka, na kwamba ingekamatwa mapema angeweza kubaki na kiasi fulani. Aliuliza ni nani anaishi na mgonjwa, na kama hakuna aliyeona dalili. Mwaitu alijibu kabla yangu.

"Huyu aliona. Alinifungia taa."

Ndugu yangu alikuja kwa gari, akalia, akamshika mikono, akaeleza jinsi nyumba yake ilivyo ya ghorofa na ngazi ni hatari kwa mama. Mwaitu alimwambia asijali, kazi ni nyingi, arudi kazini. Mimi nikamchukua Nunguni. Kabati lilibaki Zombe, maana halipiti mlangoni. Nilichomoa waya wa taa nikaacha utepe umebandikwa hapo hapo.

Sasa analala chumba kinachotazama duka langu. Baridi ya huku haipendi, na kila siku anauliza ukungu utaisha lini, ingawa hauoni. Asubuhi namvalisha. Nimemshonea nguo mpya zinazofungwa mbele, na anazivaa kwa sababu hana nyingine. Ninapompitishia mkono kwenye gauni husimama wima na kuuliza.

"Ni rangi gani?"

"Kijani."

"Unanidanganya."

"Kijani, Mwaitu."

"Unaweza kunivalisha chochote. Unaweza kunivalisha gunia."

"Naweza," namwambia, na kumfunga kifungo cha shingoni.

Wiki iliyopita mteja alikuja kuchukua yunifomu ya mtoto. Mwaitu alikuwa ameketi mlangoni pa duka, akamshika mkono akiwa anapita.

"Wewe mama, hebu niambie ukweli. Hii nguo nimevaa ni rangi gani?"

Yule mwanamke alidhani ni utani wa wazee. Akacheka, akasema ni kijani nzuri sana, na akauliza nani amemshonea.

Mwaitu aliuachia mkono wake.

"Hata wewe amekufundisha cha kusema," akasema, akageuza uso upande wa barabara.